Tangi Tupu kwa Daktari wa Macho

6 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai unaendelea vizuri, na goti la shemeji limempa likizo. Mimi sijambo. Kile kifua cha mwezi uliopita kimekwisha, na binti yangu ameandika kwamba mwanawe ameanza kutembea na ameshavunja vikombe viwili. Nimemjibu kwamba hiyo ni damu ya shangazi yake, yaani wewe.

Nilitaka kupiga simu nikakumbuka mara ya mwisho: mimi napaza sauti mpaka watu wananigeukia, wewe unaitikia "sawa, sawa" kwa jambo usilolisikia. Bora karatasi.

Dada, samaki wangu wanaumwa. Unalijua lile tangi la maji ya chumvi lililoko kwenye chumba cha kusubiria pale kliniki ya macho, ninalolitunza mwaka wa kumi na nne sasa. Lina samaki saba. Mkubwa wao tunamwita Mwenyekiti, maana hampishi mtu na lazima ale wa kwanza. Kuna Maharusi, wawili wa rangi ya machungwa wasioachana hata dakika. Kuna Ndimu, wa njano. Watatu waliobaki ni raia tu. Tangu wiki iliyopita wanajisugua kwenye mawe kama ng'ombe mwenye kupe, na wanahema harakaharaka. Mama wa maabara ya hapa anasema wana madoa meupe, kama chembe za chumvi.

Daktari amenisimamisha kwenye korido, kwa upole wake ule ule, akaniambia kwamba tangi likifika mwisho wa mwezi wa nne halina samaki, mahali pale pataingia kabati la fremu za miwani. Na tangi likiondoka nami nimeondoka, kwa kuwa sina kazi nyingine pale. Wewe umekaa miaka thelathini na mitano kwenye hadubini ukisaka vimelea vya watu. Vya samaki vitakushinda?

Mdogo wako.


15 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako anadai goti lake linatabiri mvua, na hadi leo halijapatia hata mara moja. Mimi nimepewa kifaa cha masikio. Kinasikia kila kijiko cha jikoni lakini mtu akisema nami kinanyamaza. Nimekikubali hivyo hivyo, bora nusu kuliko kujitia hamnazo.

Umenisifia mpaka nikajua mambo ni mazito. Samaki sijawahi kupima. Nimepima damu na vinyesi, na sikuwahi kuletewa kinyesi cha Mwenyekiti. Lakini mwanafunzi wangu mmoja wa zamani sasa anafundisha chuo cha mifugo, na nimekaa siku mbili kwenye maktaba yao na vitabu vya magonjwa ya samaki. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi tangu nistaafu, Mungu anisamehe.

Kwanza, waangalie mwenyewe kwa mwanga wa dirishani. Kama ni chembe zinazohesabika, huo ni ugonjwa wa madoa meupe na tuna siku kadhaa mkononi. Kama ni vumbi laini, kana kwamba mtu amewanyunyizia unga, na samaki wanahema juujuu, huo ni mwingine na unaua kwa siku mbili tatu. Pili, mshike mmoja kwa wavu, mkwangue ute kidogo ubavuni kwa kipande cha plastiki, uweke kwenye kioo na tone la maji ya tangi, kisha uchungulie kwenye hadubini ya maabara yenu. Uchungulie wewe. Nataka unieleze ulichokiona.

Na tafadhali, usitie dawa yoyote kwenye tangi kubwa. Dawa ya shaba inaua hivyo vimelea, lakini itawaua kamba na konokono wako kabla hawajajua kumetokea nini, na yale mawe yataifyonza yakae nayo miaka.

Dada yako.


24 Januari

Dada,

Shikamoo tena. Mkono wako umekuwa mzuri uzeeni, ila wino unaotumia ni hafifu mno. Nunua kalamu nyingine, usibane matumizi kiasi hicho.

Raia mmoja amekufa siku mbili kabla barua yako haijafika. Tumebaki na sita.

Nimekwangua ute kwa Ndimu kama ulivyosema. Hadubini ya hapa ni chakavu, lenzi zake zina ukungu, na nilichoona mimi ni moshi mtupu. Nikafuta, nikachungulia tena, moshi ule ule. Mama wa maabara akanisukuma kwa bega, akachungulia yeye, akapiga ukelele: "Hee! Mbona kinazunguka!" Ameona kiduara cheusi chenye vinyweleo pembeni, kinajizungusha polepole bila haraka, na ndani yake kuna kitu kilichopinda. Nimekuwekea mchoro wake. Anasema madoa yanahesabika na yeye mwenyewe amehesabu kumi na tisa kwa Mwenyekiti.

Nifanye nini? Wagonjwa wanaokuja asubuhi wameanza kuuliza kwa nini samaki wanajikuna.

Mdogo wako.


2 Februari

Mdogo wangu,

Pole kwa raia wako. Mpe mama wa maabara salamu zangu, umwambie kwamba mchoro wake ungepata alama tisa kwangu. Moja nimeiondoa kwa kuwa hakuandika ukubwa.

Ndiye. Ni ugonjwa wa madoa meupe wa maji ya chumvi. Sasa nisikilize vizuri, maana barua yako imekaa njiani siku nane na mdudu huyu hatusubiri sisi. Maisha yake yako hivi. Anakaa chini ya ngozi ya samaki akila. Hilo ndilo doa. Akishiba anaanguka, anajishika kwenye mawe na mchanga, anajijengea ganda, na humo ndani anajigawa mpaka wanakuwa mamia. Ganda likipasuka, hao watoto wanaogelea kutafuta samaki. Wana siku moja au mbili, wakikosa wanakufa. Dawa haimfikii aliye ndani ya ngozi wala aliye ndani ya ganda. Inawapata hao waogeleaji tu.

Kwa hiyo tutafanya mambo mawili. Samaki wote wahame, hata anayeonekana mzima. Tafuta tangi dogo tupu, lisilo na mchanga wala jiwe, utie hita, pampu ya hewa na vipande vya bomba la plastiki wajifiche. Humo ndimo utakapotia dawa ya shaba, na utapima kila asubuhi kwa kile kichupa cha majaribio kinachouzwa pamoja na dawa na kadi yake ya rangi: maji ya kichupa yakigeuka bluu ya kisanduku cha tatu kwenye kadi, hicho ndicho kipimo. Yakizidi ni sumu, yakipungua ni kazi bure. Na tangi kubwa libaki bila samaki siku sabini na sita, wadudu waangue humo wafe njaa. Ukiwahamisha tarehe kumi, siku hizo zinaisha ishirini na saba Aprili. Kabati la miwani litasubiri.

Dada yako.


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe tisa, na siku ya pili yake wote wakahama. Mwenyekiti alipigana na wavu mpaka nikalowa kifuani. Tangi dogo liko stoo, karibu na dirisha.

Chumba cha kusubiria kimekuwa cha vichekesho. Mzee mmoja amekaa mbele ya tangi kubwa nusu saa nzima akitazama mawe, kisha ananiuliza samaki wako wapi. Nikamwambia wamelazwa hospitali. Akasema, "Kwani hapa ni wapi?"

Lakini dada, shaba yenyewe inanishinda. Natia kama chupa inavyoelekeza, napima, maji ni meupe kama nilivyoyachota. Naongeza kidogo, napima kesho yake, meupe. Nimeongeza mara nne sasa. Ama dawa ni ya kughushi ama kuna kitu kinaifyonza. Na tangu juzi hawali. Mwenyekiti analala ubavu chini, Mwenyekiti huyo huyo aliyekuwa akinyang'anya wenzake. Ndimu amekufa leo asubuhi. Nilimtoa kwa mkono, sikutumia wavu.

Nimechoka na ninaogopa. Niandikie upesi.

Mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Nimeilipia barua hii iende kwa haraka, kwa hiyo salamu zitasubiri.

Acha shaba leo hii. Wahamishe kwenye maji mapya ya chumvi yasiyo na dawa hata tone, na utie makaa ya kuchujia kwenye chujio. Wakianza kula, tutawatibu kwa kuhamahama. Tafuta mapipa mawili ya plastiki safi. Waweke kwenye la kwanza. Baada ya siku tatu, asubuhi, wahamishie kwenye la pili lenye maji mapya, na la kwanza ulimwage, ulioshe, ulianike juani mpaka likauke kau. Baada ya siku tatu tena, warudishe. Fanya hivyo mara nne. Wadudu wanaanguka wanajenga maganda yao, na kabla hayajapasuka samaki wameshahama. Hakuna dawa, hakuna kadi, hakuna kupima rangi. Unachohitaji ni kalenda.

Una uhakika kwamba tangi dogo halikuwa na jiwe wala mchanga? Nijibu hilo.

Nimekuwekea pia nyuzi tatu kwenye bahasha, mmoja una fundo moja, mwingine mawili, mwingine matatu. Niandikie kila mmoja ni wa rangi gani, ili mimi na wewe tukisema "bluu" tuwe tunasema bluu moja.

Dada yako.


12 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na ahsante. Ahsante kabisa! Siku ya pili kwenye maji safi Maharusi walikula. Siku ya tatu Mwenyekiti alimnyang'anya raia chakula chake, nami nikacheka peke yangu stoo kama mwehu. Tumehama mara tatu, imebaki moja. Mama wa maabara anawakagua kila asubuhi na anasema hakuna doa hata moja. Tumebaki na watano, lakini watano hao wapo.

Jiwe halikuwemo wala punje ya mchanga. Vipande vya bomba tu.

Nyuzi zako nimezitazama. Wenye fundo moja ni mweusi. Wenye mawili ni mweusi vilevile. Kwani uzi mwingine ulikuishia? Wenye matatu ni mweupe, umechafuka kidogo. Sijui zinahusiana nini na bluu, lakini wewe tangu zamani una mambo yako.

Naona pia siku hizi unaniandikia kwa herufi kubwa kama mwalimu wa darasa la kwanza. Masikio ndiyo yaliyokusumbua, siyo mkono. Au vimeanza kushirikiana?

Msalimie shemeji. Mwambie goti lake lije huku, mvua imekuwa haba.

Mdogo wako.


20 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Shemeji yako amecheka mpaka goti likamuuma. Nami nimefurahi kwa hao watano. Nimewasomea habari zao majirani, sasa mtaa mzima unamjua Mwenyekiti.

Keti kitako. Uzi wenye fundo moja ni mweusi, umepatia. Wenye mawili ni bluu, bluu iliyokolea ya sare za shule. Wenye matatu ni bluu ya mbingu asubuhi, na haujachafuka, niliukata kwenye bunda jipya.

Shaba haikuwa inapotea. Hakukuwa na jiwe la kuifyonza, na dawa haikuwa ya kughushi. Kila asubuhi uliyoona maji meupe, yalikuwa bluu. Wino wangu si hafifu, ni ule ule wa bluu wa miaka yote. Hadubini ya kliniki yenu haina moshi, maana mwenzako alichungulia pale pale akaona hata vinyweleo. Na kila doa ulilonieleza ni mwingine aliyeliona.

Una mtoto wa jicho, tena aliyekomaa, ameshakuwa wa rangi ya chai. Anakula bluu kwanza. Hili si jambo la kuonea haya, huwapata wazee wengi na operesheni yake ni ya nusu saa. Lakini wewe, mdogo wangu, unafanya kazi hatua ishirini kutoka kwenye mlango wa daktari wa macho! Watu wanalala safarini kuja kumwona, na wewe unampita kila siku na ndoo mkononi, ukimsalimia. Sijui kama nicheke au nilie. Nimefanya yote mawili.

Nenda kwake. Sitaki kusikia habari za samaki mpaka uende.

Dada yako.


25 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki tano umekaa kimya kama maji mtungini. Nimemuuliza binti yako, anasema u mzima na umemwambia una kazi nyingi. Kazi gani, na tangi ni tupu?

Nilidhani umekasirika kwa kuwa nilikupima bila ruhusa yako. Kama ni hilo, nisamehe. Miaka thelathini na mitano watu walikuwa wananiletea vikopo vyao wenyewe, sikuzoea kuchukua kwa siri.

Lakini sidhani kama ni hilo. Nadhani ni Baba. Hatujawahi kulizungumza, mimi na wewe, na nimeona bora niwe wa kwanza.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Alikuwa fundi saa hodari, mikono yake bado ilikuwa mizima, macho tu ndiyo yalikuwa yanamwangusha, na mimi nilikuwa na miaka mitatu kazini na kichwa kimejaa sayansi. Yeye hakutaka. Nilimbembeleza mwezi mzima, na karatasi ya kukubali operesheni nikaisaini mimi. Kisha jicho likaingia usaha, likapotea, na la pili akakataa lisiguswe mpaka nalo likafunga. Miaka tisa alikaa kwenye kile kiti na mkono wake unazungusha funguo za saa hewani. Hakuna siku niliyomwona hivyo nisijilaumu. Kwa hiyo kama unaniogopa mimi ninaposema "operesheni", una haki. Nisingejisikiliza hata mimi.

Hata hivyo nakuomba. Barua hii nimeilipia iende haraka, maana kesho kutwa ni ile tarehe ishirini na saba. Warudishe samaki nyumbani kwao, kisha tembea hizo hatua ishirini.

Dada yako akupendaye.


5 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimewarudisha tarehe ishirini na saba, kama ulivyohesabu. Chumba kilikuwa kimejaa. Nilipomwachia Mwenyekiti alizunguka tangi mara mbili akikagua, kisha akaingia chini ya jiwe lake lile lile. Watu walipiga makofi. Daktari alitoka ofisini kuona kuna nini, akasimama karibu nami, akasema, "Wamependeza, hasa yule wa bluu." Nikamwitikia. Hakuna wa bluu ninayemwona mimi, dada. Raia wetu mmoja kumbe ni bluu, na kwa muda wote huo nimekuwa nikimwita wa kijivu.

Siku iliyofuata nilikwenda. Amenichungulia na taa yake, akaniuliza ni tangu lini. Nikasema miaka minne, mitano. Akaweka taa chini. Hakunifokea. Amenipangia tarehe tatu Juni, jicho la kulia kwanza, na akaniambia nije na mtu atakayenitia matone mara nne kwa siku, wiki nne, mtu mwangalifu. Nikamwambia nitamjibu. Sijamjibu.

Barua yako ya Baba nimesomewa na mama wa maabara. Nilimwomba anisomee, kwa sababu ya macho, na alipofika katikati akanitazama akaimalizia kwa sauti ya chini. Ndiyo maana nimechelewa tena. Nilihitaji siku kadhaa nijikaze.

Si wewe, dada. Sikuwahi kukulaumu hata siku moja. Baada ya operesheni ulirudi kazini, ukaniachia kile kichupa cha matone na maelekezo uliyoyaandika kwenye karatasi. Nilikuwa na miaka ishirini. Siku ya pili kilinitoka mkononi kikavunjika sakafuni, dawa yote ikaenda. Nikakuogopa. Ulikuwa umeniambia mara tatu: "Usicheze na hii." Nikatafuta kichupa kingine pale nyumbani, cha dawa ya masikio kilichokwisha, nikakisuuza, nikakijaza maji ya pipa. Nikamtia Baba siku tatu, mara nne kwa siku, sikukosa hata mara moja. Aliniambia, "Leo haichomi kama jana. Dawa nzuri hii." Siku ya nne akaamka jicho limevimba.

Wewe ulikuja ukalia ukasema ni kosa lako, na mimi nikakaa pale pale nikakuacha ulie. Miaka thelathini na minane nimekuacha.

Sasa unajua kwa nini nampita yule daktari na ndoo. Siogopi kisu. Naona tu kwamba sistahili kuona, na kwamba mtu yeyote atakayenishikia kichupa, nitatazama mkono wake nione wangu.

Sitegemei unijibu.

Mdogo wako.


13 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilikukasirikia sana, nikasema maneno jikoni ambayo shemeji yako alitoka nje asiyasikie. Sitakuficha hilo. Ulimwona Baba kwenye kile kiti na ukaniona mimi, na ulikuwa na neno la kutupunguzia mzigo ukakaa nalo. Imeniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Siku ya pili nikakumbuka jambo langu. Jicho lilipovimba, daktari wa siku zile aliniita kando akanipa usaha kwenye kijiti. Akaniambia, wewe ni mtu wa maabara, kapime tujue ni kitu gani. Hadubini ilikuwa mezani kwangu, vioo vilikuwepo, rangi za kupimia zilikuwepo. Nilikichukua kijiti kile nikakitupa kwenye beseni la taka, nikarudi nikamwambia hakuna kilichoonekana. Niliogopa kuona kwamba ni uchafu wa chumba cha operesheni nilikompeleka mimi. Laiti ningetazama, huenda ningejua ni wadudu wa maji, nikakuuliza, ukasema, na wakampa dawa iliyofaa jicho likiwa bado linaokoleka. Au huenda ningekuta ni kitu kingine kabisa, na wewe ungelala usingizi miaka yote hii. Hatutajua kamwe. Mimi, niliyelipwa kwa kutazama, siku ile moja sikutazama.

Kwa hiyo usiniambie habari za kustahili. Kama ni kustahili, tungekuwa vipofu wote wawili, na nani angemlisha Mwenyekiti?

Mwambie daktari ndiyo. Mwambie leo, ukimaliza kusomewa hii. Shemeji yako amekubali kujipikia mwezi mzima, na Mungu ailinde nyumba yangu. Nitafika tarehe mosi Juni. Niandalie kitanda kisicho karibu na pampu ya hewa, ingawa kwa masikio yangu ni sawa tu.

Matone nitakutia mimi. Mara nne kwa siku, wiki nne. Utautazama mkono wangu, na utauona unatetemeka, maana nina miaka sitini na sita. Na kichupa kikivunjika, tutanunua kingine.

Dada yako.